Trekta dogo la Kijapani: gia zinasaga hata nikikanyaga klachi mpaka chini

MpungaUbaruku:
Wakuu habari za jioni. Nina trekta dogo la mtumba kutoka Japani, silinda tatu, farasi 24. Kwa umri limeizidi ndoa yangu, na stika zake zote ni za Kijapani, kwa hiyo naliendesha kwa kukariri.

Mwezi wa pili nilimaliza kuvuruga majaruba, nikaliosha kwa pampu, nikaliingiza bandani. Juzi ndio nimelitoa. Injini imeshika mara ya kwanza tu, sikuamini. Balaa liko kwenye gia: nakanyaga klachi mpaka chini, nasukuma namba moja, inalia kama mtu anasaga kokoto. Nikizima injini, gia zote zinaingia laini kabisa. Nikiwasha huku gia imo na klachi nimeikanyaga, linaruka mbele. Jana nusura niingie nalo kwenye kihenge cha jirani.

Fundi wa hapa kijijini hakuligusa hata kwa spana. Amesikiliza tu, akasema meno ya giaboksi yamekwisha, tufungue, tuagize gia Dar. Mawingu yameshaanza kukusanyika huku Mbarali. Nimwachie?

KijanaIgurusi:
Mwaga oili ya giaboksi uweke mpya mkuu. Langu lilikuwa linasaga hivyo hivyo, likapona.

FundiMstaafu:
Oili iacheni kwanza. Mwenye trekta ameshajijibu, ila hajajisikia. Gia zinaingia laini injini ikiwa imezimwa, na likiwashwa linaruka na klachi imekanyagwa. Hapo giaboksi ina kosa gani? Pleti ya klachi haiachii flaiwili (lile gurudumu zito la nyuma ya injini), basi. Injini inaendelea kuzungusha shafti ya kuingilia giaboksi, na wewe unalazimisha gia iingie kwenye kitu kinachozunguka. Ukiendelea hivyo wiki nzima, hayo meno utayamaliza kweli.

Kabla hujamlipa mtu, fanya hivi. Washa, kanyaga klachi, hesabu mpaka kumi, halafu jaribu kuingiza PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha zana. Madogo mengi ya Kijapani ya zamani yana klachi moja, inakata mwendo na PTO kwa pamoja. Nayo ikisaga, ujue tatizo liko kabla ya giaboksi. (Massey Ferguson, MF 135, zenye klachi ya hatua mbili ni habari nyingine: nusu ya pedali inakata mwendo, mpaka chini ndio PTO inasimama. Msichanganye.)

Zima, chukua rula. Sukuma pedali kwa mkono, pima inashuka kiasi gani kabla hujakutana na uzito. Kwa haya madogo huwa ni milimita 20 hadi 30. Ikizidi sana, mguu wako unamaliza safari kabla beringi haijaisukuma klachi vya kutosha. Ikikosekana kabisa, beringi inazunguka muda wote na pleti inateleza.

Mwisho, lala chini ya trekta. Chini ya nyumba ya klachi kuna bolti ya kutolea maji. Wakati wa kuvuruga inafungwa ili tope lisiingie. Ukishaosha unaifungua maji yatoke, kisha unairudisha. Uliifungua?

MpungaUbaruku:
Shikamoo mzee. Sikujua hata kama ipo.

Nimefungua leo asubuhi: yametoka maji mekundu ya kutu, kama nusu kikombe. Oili hakuna. PTO nayo inasaga. Pedali inashuka bure milimita 55. Nimelegeza loknati, ile nati ya kufungia, nikazungusha fimbo ya pedali mpaka 25. Bado linaruka.

FundiMstaafu:
Marahaba. Kukosa oili hapo ni heri, sili za kuzuia oili bado zinashika. Kutu imeigandisha pleti kwenye flaiwili. Toa rotaveta, lile jembe la kuzunguka la nyuma. Nenda uwanja mpana, tambarare, watoto na mbuzi wakae mbali. Unganisha pedali zote mbili za breki kwa ile komeo yake. Zima, weka gia ya kasi ya kati, washa, litaondoka nawe. Liache lipashe moto dakika kumi, kisha likiwa linatembea kanyaga klachi mpaka chini na ugonge breki kwa nguvu, uachie, urudie. Mkono uwe karibu na kizimio.

Likigoma, itabidi kulichana katikati, injini itengane na giaboksi. Huyo fundi wako akifika huko, kabla ya kulegeza bolti hata moja, mwambie apigilie kabari za mbao kati ya ekseli ya mbele na fremu, pande zote mbili. Ekseli ile inabembea. Bila kabari injini inalala ubavu, na mtu yuko chini yake.

MamaShamba:
Mimi langu likipumzika msimu, naibana pedali chini kwa kipande cha mti na kamba, pleti isikae imeshikana na flaiwili. Mume wangu alidhani ni uchawi.

MpungaUbaruku:
Mrejesho. Mara ya kwanza hola. Ya pili hola, nikajigonga kifua kwenye usukani. Ya tatu ikasikika "ta!", injini ikapanda mlio na trekta likasimama lenyewe. Gia sasa zinaingia hata kwa vidole viwili. Nimelima jaruba mbili na rotaveta. Robo saa ya mwanzo ilikuwa inateleza kidogo kwenye tope zito, naona kutu ilikuwa inajisafisha, kisha ikashika vizuri.

Mama, kipande cha mti nimeshakichonga. Yule fundi kapita jioni kuulizia, nikamwambia limepona. Anadai hela ya ushauri.