Doa la maka kwenye shati la pamba: spiriti, sanitaiza, asetoni au siki?

MamaWawili
Habari za leo wakuu. Mtoto kajichora kifuani kwa kalamu ya maka, ile nyeusi isiyofutika. Shati ni jeupe, pamba tupu, na bado sijalitia maji. Kila ninayemuuliza ana dawa yake: spiriti, sanitaiza, siki, dawa ya meno, hata maziwa. Ipi inatoa doa bila kuharibu nguo?

Dobi_Mkongwe
Spiriti, mama. Wino wa maka isiyofutika una rangi na resini, yaani gundi inayoshikiza rangi, na vyote viwili kwa kawaida huyeyuka kwenye alkoholi, si kwenye maji. Ndiyo maana ukitegemea sabuni peke yake utafikicha mpaka kitambaa kitoe manyoya na doa lipo palepale.

Ila kazi yenyewe iko kwenye mkono. Geuza shati ndani nje, laza doa juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa, halafu gandamiza kwa pamba yenye spiriti kutokea upande wa nyuma. Usisugue. Utaona wino unashukia kitambaa cha chini, mara nyingine mweusi unajigawa na kuacha duara la zambarau au bluu pembeni. Kila kitambaa kinapojaa, hamishia doa kwenye sehemu safi, vinginevyo unaurudisha wino ulioutoa. Na anzia ukingoni kwenda katikati, doa lisitanuke.

KalamuNyekundu
Namuunga mkono dobi, lakini kwa doa dogo naona sanitaiza ya jeli inafaa zaidi. Alkoholi yake huwa kama 60 hadi 70%, na ule ute unaikalisha mahali pamoja badala ya kusambaa na kukauka upesi. Spirei ya nywele siipendekezi. Ilisifiwa kwa sababu ya alkoholi iliyokuwamo, nyingi za sasa zinayo kidogo na zinaacha unata.

MamaWawili
Na asetoni? Ninayo ya kuondolea rangi ya kucha.

Maabara_Jikoni
Dada, asetoni ina nguvu na pamba haiidhuru, lakini soma lebo ya nguo kwanza. Kitambaa chenye asetati kitayeyuka, na baadhi ya vifungo vya plastiki pia. Hizo za kucha nyingine zina rangi na mafuta, kwa hiyo unaweza kutoa doa moja ukaweka jingine. Mimi naiweka ya pili, spiriti ikishindwa. Zote mbili zinashika moto haraka: fungua dirisha, kaa mbali na jiko.

Siki na maziwa haviyeyushi resini. Dawa ya meno inakwaruza nyuzi tu.

Tafadhali sana, usikimbilie dawa ya klorini. Maka nyeusi nyingine zina masizi, na klorini haiwezi kuyang'arisha. Baya zaidi, ikikutana na spiriti, asetoni au siki inatoa kemikali za sumu. Hili silisemi kwa kutisha watu, ni hatari ya kweli.

Sindano_na_Uzi
Mwenye nguo ya rangi asifuate haya moja kwa moja. Weka tone la spiriti kwenye upindo wa ndani, bonyeza pamba nyeupe. Rangi ya nguo ikihamia kwenye pamba, hiyo nguo inachuja, achana na spiriti. Na kama ni maka za watoto zinazofulika, msihangaike na haya yote: maji baridi na sabuni ya kufulia kwa kawaida yanatosha.

MamaWawili
Nimetumia spiriti kwa nyuma kama alivyosema dobi. Weusi wote umetoka, kimebaki kivuli cha kijivu. Nipige pasi tu?

Dobi_Mkongwe
Hapana mama, pasi isiguse hapo kabisa! Joto litakigandisha. Paka sabuni ya maji ya vyombo, fikicha taratibu kwa vidole, suuza mpaka harufu ya spiriti iishe. Kisha liloweke kwa saa kadhaa kwenye maji ya moto yenye dawa ya kung'arisha ya oksijeni, ile ya unga isiyo na klorini. Kivuli cha rangi kitafifia. Kisipobadilika, huenda ni masizi, basi rudia spiriti na sabuni kwenye kitambaa safi. Lianike kivulini likauke lenyewe, ndipo uamue kama pasi inaruhusiwa.