NanoVNA inasoma SWR 1.2 lakini hakuna anayenisikia, nakosea wapi?

Kijana wa Isamilo

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni msaada maana hii ni wiki ya pili nimekwama na huku mtaani sina hata mmoja wa kumuuliza, ukitaja redio wanajua unaongelea redio ya kusikiliza mpira.

Nipo Mwanza, nyumba yetu iko juu kwenye mawe huku Isamilo, ukipanda kwenye jiwe la nyuma ya nyumba unaliona ziwa vizuri kabisa, nikasema kwa mita 2 (masafa ya karibu na megahazi 145) nitapata wapi pazuri kama hapa. Leseni ya TCRA ya redio ya mawasiliano ninayo, redio ni ya mkononi wati 5. Antena nimetengeneza mwenyewe, robo wimbi, fimbo moja ya shaba imesimama na nyingine 4 za chini zimelala bapa kama meza, nimeifunga kwenye bomba juu ya paa. Kebo ni RG-58, ile nyembamba ya antena, kama mita 25 hivi, nilipewa, ilikuwa imeviringishwa stoo kwenye ofisi fulani walikuwa wanahama.

Sasa NanoVNA, kile kipimo kidogo cha kupimia antena, nimeipata mwezi uliopita, nikaichomeka chini chumbani kwenye mwisho wa kebo, kwenye megahazi 145 inasoma SWR 1.2 (SWR inaonyesha nguvu kiasi gani inarudi, 1 ndiyo safi kabisa). Nikafurahi sana nikajua nimepatia mara ya kwanza tu. Na si 145 peke yake, nikienda mpaka 170 au nikirudi mpaka 110 haivuki 1.4, mstari umelala kama ziwa alfajiri kabla upepo haujaamka. Kuna kabonde kadogo tu kwenye 127 hivi kanashuka mpaka 1.1, sikukajali.

Lakini nikiita 145.500 kimya. Jamaa yangu yuko Nansio, kati yetu ni maji tu, ananiambia anasikia mkwaruzo. Ajabu nikitoka na ile antena fupi ya mpira iliyokuja na redio nikapanda kwenye jiwe ananipata vizuri kuliko hiyo ya paani. Inakuwaje kiantena cha mpira kinaishinda antena yenye SWR 1.2? Redio mbovu au kipimo ndo kibovu?

fundi_buzuruga

Mkuu kabla hujalaumu kitu, hiyo kalibresheni (kukiweka kipimo sawa kabla ya kupima) uliifanyaje? Wengi wanakosea hapo na mimi nilikosea miezi kabisa. Kifaa kikija kiwandani kinakuwa kimewekwa kuanzia 50 kHz mpaka 900 MHz, watu wanakalibreti hivyo hivyo wanaendelea. Sasa ile ndogo ya kawaida inapima nukta 101 tu, ukigawanya 900 kwa 100 inakuwa inaruka megahazi 9 kwa hatua moja, antena yako yote ya mita 2 inaweza kukaa katikati ya nukta mbili na usiione.

Anza na menyu ya STIMULUS, weka START 100 na STOP 200, hapo ndo uingie CALIBRATE, RESET kwanza, halafu vile vidude vya kufunga, OPEN, SHORT, LOAD, kimoja kimoja, usibonyeze mpaka umekaza na mstari umetulia. DONE, SAVE. Ukisave kwenye 0 ndo kinaamka nayo ukiwasha. Ukibadilisha masafa rudia. Na kama una adapta ya kutoka SMA (tundu la kwenye kipimo) kwenda kwenye plagi ya kebo jitahidi iwe ile ile kila siku.

Kijana wa Isamilo

Asante mkuu, kweli nilikuwa nimekalibreti mara moja tu siku ya kwanza. Nimerudia kama ulivyosema 100 mpaka 200, majibu yaleyale, 1.2 kwenye 145. Kabonde ka 127 sasa kanaonekana vizuri zaidi. Kwa hiyo kifaa kizima?

Mzee wa Kamanga

Kijana wangu shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuitoa. Mimi nimefunga redio kwenye mitumbwi na boti za ziwa hili miaka mingi, sasa nisikilize taratibu kwa sababu tatizo lako umeshaliandika mwenyewe bila kujua.

Antena ya robo wimbi haiwezi kuwa nzuri kuanzia 110 mpaka 170. Haipo hiyo. Antena ya fimbo inapenda sehemu moja, ukitoka pale SWR inapanda, inatakiwa uone bonde kama la V, pembeni inapaa 3, 5, 10. Ukiona mstari umelala kila mahali ujue huangalii antena, unaangalia kebo. Kebo yako inameza umeme, unaokwenda juu inaumeza na unaorudi inaumeza tena, kwa hiyo kinachorudi kwenye kipimo ni kidogo na kipimo kinadhani kila kitu kimekubaliwa na antena. Kipimo hakidanganyi, kinakwambia ukweli wa pale kilipofungwa, na wewe umekifunga chumbani.

Fanya hivi. Panda juu, chomoa antena kabisa, kebo ibaki wazi haina kitu. Shuka upime tena. Kama kebo isingekuwa inakula kitu, mwisho ukiwa wazi nguvu yote ingerudi na SWR ingekuwa kubwa sana. Halafu badilisha FORMAT weka LOGMAG usome ile desibeli ya kinachorudi, igawanye kwa mbili maana imekwenda na kurudi, hapo umepata kebo inakula ngapi. RG-58 mpya mita 25 kwenye 145 inakula karibu desibeli 5, yaani hata mpya, iwe wazi juu bila antena, bado chini utasoma SWR karibu 2 na mtu asiyejua atasema antena si mbaya. Wakati antena haipo!

Halafu hilo bonde la 127 usilidharau hata kidogo, huyo ndiye antena anakuita kutoka mbali. Fimbo yako ina sentimita ngapi?

Kijana wa Isamilo

Shikamoo mzee, samahani sana nilijisahau. Fimbo ni sentimita 56, niliiacha ndefu makusudi nije nipunguze kidogo kidogo, ila nilivyoona 1.2 nikaona ya nini tena kukata.

Ngoja nipande kesho asubuhi, leo kuna wingu limekaa upande wa ziwa.

Mzee wa Kamanga

Marahaba. Umefanya vizuri kusubiri na nilitaka nikuonye hapo hapo. Radi za ziwa letu mnazijua, usiku zinaunguruma huko majini na alfajiri zinasogea pwani. Si lazima ipige nyumba, wingu tu likipita juu waya ulioinuliwa unajaa chaji, ukichomeka kwenye NanoVNA inaingia moja kwa moja ndani ambako hakuna ulinzi wowote wa maana. Mimi ya kwanza iliniharibikia tundu la CH0 hivyo, ikawa kila nikikalibreti mstari unacheza hautulii. Tangu hapo kila kebo inayotoka nje nagusisha kwanza katikati na ganda kwa bisibisi ndipo nachomeka. Na siku yoyote usije ukaweka redio upande mmoja na kipimo upande mwingine ukabonyeza kuongea, wati 5 inaichoma papo hapo, chenyewe kinatoa nguvu ndogo sana isiyofika hata miliwati 1.

Kijana wa Isamilo

Wakuu nimerudi. Nimepanda saa moja asubuhi, nimechomoa antena, nimeshuka, nimegusisha na bisibisi kama mzee alivyosema. Kebo ikiwa WAZI juu haina chochote inasoma 1.4. Nimekaa chini nikaangalia ile namba kama dakika tano nzima. LOGMAG inasema -15.6, nimegawanya kwa mbili 7.8.

Yaani kebo tupu inanipa SWR ambayo ningejisifia nayo.

Mzee wa Kamanga

Ndiyo hiyo. Desibeli karibu 8 maana yake katika sehemu 6 unazotuma ni 1 tu inafika juu, wati 5 yako inafika kama 0.8, na hiyo 0.8 inakutana na antena isiyoitaka. Na sauti ya jamaa yako wa Nansio ikija inakatwa vilevile. Kata kipande cha ile kebo karibu na mwisho wa juu uangalie ndani, nyavu ya shaba ikiwa nyeusi au ya kijani ujue maji yalishaingia, hiyo haiponi hata uianike jua la mwezi mzima.

Sasa chukua kipimo upande nacho paani, ukifunge pale pale kwenye shina la antena, kalibreti hapo hapo juu. Ina betri yake, ndiyo raha ya kitu hiki, zamani kifaa cha kazi hii kilikuwa kinabebwa na watu wawili na kinataka umeme wa ukutani.

mama_antena_ukerewe

Naongezea kidogo hapo kaka, ukiwa juu usishike antena wala usiegemee, rudi nyuma kadiri kamba inavyoruhusu ndo usome. Shika kebo na mkono uone, kama namba zinacheza ukiigusa ujue ganda la nje la kebo nalo limegeuka antena, izungushe mizunguko mitano sita hivi ya upana wa sahani pale chini ya antena, au pitisha ile pete nyeusi inayotoka kwenye nyaya za kompyuta za zamani kama unayo yenye ubora.

Na hizo fimbo 4 za chini zikunje zielekee chini kama miguu ya kigoda, nyuzi 45 hivi. Zikilala bapa antena inakuwa kama ohmu 36, hata ukate vizuri namna gani utabaki 1.4. Ukizikunja inasogea kwenye 50 ambayo redio inaitaka. Mimi niliona kwa macho, nilikuwa nakunja huku naangalia skrini, kale kaduara kwenye chati ya Smith (ile duara kubwa ya kwenye skrini, katikati yake ndiyo ohmu 50) kakatembea kuelekea katikati, siku ile ndo nilielewa ile chati ni ya nini, kabla ya hapo nilikuwa naizima naona inanichanganya tu.

Kijana wa Isamilo

Asante dada, nimefanya vyote. Paani kwenye shina la antena picha ni tofauti KABISA. Bonde ni V safi, chini yake ipo 127 SWR 1.4 na kwenye 145 imepita 4. Nikapiga hesabu, 56 mara 127 gawanya kwa 145 inakuja 49. Sikukata zote kwa mara moja, nilikata sentimita 3, nikapima, 2, nikapima, mwisho nikawa nasugua kwa tupa. Na fimbo nimezikunja. Sasa ni 1.2 kwenye 145 na safari hii pembeni inapanda kama mzee alivyosema, 120 ni zaidi ya 5.

Kebo nimeikata, nyavu ni nyeusi mpaka inapukutika mkononi. Swali la mwisho sasa, RG-213, ile kebo nene inayokula kidogo, hapa mjini sijaiona na kuagiza ni hela, kuna mbadala?

jirani_wa_Dunga

Niko Kisumu huku upande wa pili, hizi shida tunazijua. Tumia ile kebo ya dishi, RG-6, iko kwa kila fundi wa dishi na bei yake iko chini. Watu wanaiogopa kwa sababu ni ya ohmu 75, lakini kwa 145 inakula kidogo kuliko RG-58, mita 25 inameza kama desibeli 2 na kitu, RG-58 ni 5. Sasa hesabu mwenyewe gani inakuumiza. Shida yake ni mbili tu: ganda la nje huwa ni alumini haishiki ukichomea, kwa hiyo tumia koneksha zake za kukaza kisha adapta, na juu uzibe vizuri maji yasiingie, ule utepe wa mpira unaojishika wenyewe ndio mzuri. Tepu ya umeme peke yake jua litaimaliza.

Pia ujue ukipima kutoka chini hutaona ile 1.2 tena. Kebo ya 75 inageuza, urefu ukibadilika namba inabadilika, inaweza kuja 1.5, inaweza kupita 2. Usikimbie kukata antena, antena ulishaipima juu. Kama inakuja kubwa redio haitaki, ongeza au punguza kebo sentimita kadhaa uangalie tena.

fundi_buzuruga

Mimi hapa nimejifunza, nilikuwa nasisitiza kalibresheni tu. Swali dogo wakuu, hii NanoVNA inayoishia megahazi 900 naweza kupimia antena za megahazi 433 na za 868 za vile vifaa vya kutuma data? Kuna jamaa anataka kuweka vipimo vya maji kwenye vizimba vya samaki.

Mzee wa Kamanga

433 bila wasiwasi. Ile ya kwanza, aliyoibuni Mjapani anayejiita edy555 na hugen akaisambaza mwaka 2019, juu ya 300 inatumia mawimbi ya ziada (harmonics) badala ya wimbi lenyewe, kwa hiyo kadiri unavyopanda inapungua usahihi. 868 inafika ila iko ukingoni kabisa, kuona bonde liko wapi utaona, usiamini namba ya mwisho. Ukipata NanoVNA-H4 inayofika 1.5 GHz utalala usingizi.

Kijana wa Isamilo

Wakuu mrejesho. Redio nimeihamishia chumba cha juu chini ya paa, RG-6 mita 8 tu, nimeziba kwa utepe wa mpira. Kutoka chini inasoma 1.6. Jana saa mbili usiku nimeita, jamaa wa Nansio akajibu kabla sijamaliza kutaja kolisaini (jina langu la redioni), anasema kelele hakuna kabisa na aliisikia mpaka sufuria ya mama ikianguka jikoni. Kwa hiyo hii 1.6 ninaiacha kama ilivyo. Mzee, kipande cha kebo nyeusi nimekitundika ukutani juu ya meza.