Yule "afande" wa filimbi kaniambia MIMI "nyuma geuka"!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule anayewachezesha kwata watoto wa sekondari kila Jumamosi, filimbi haimtoki mdomoni, nadhani hata usingizini anaipuliza.

Mwanangu leo katoka alfajiri hajatia kitu tumboni. Saa nne nikamfuata na hotpoti la mihogo ya nazi, kwa mguu kutoka Makorora, na jua letu la Tanga mnalijua. Nafika pembeni ya uwanja, hata salamu sijatoa, nasikia: "Mama! Nyuma... GEUKA!"

Mimi! Nina mjukuu mimi! Nikashtuka, nikageuka, kifuniko kikafyatuka, tui likachirizika kwenye kanga mpaka kwenye ndala. Watoto waliokatazwa hata kupepesa jicho wakacheka mpaka mstari ukavunjika. Mwanangu kainamisha kichwa.

Kwata naijua. Nilipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria kabla hawajasitisha 1994. Maafande walitukimbiza mpaka tukasahau majina yetu, lakini mzazi akija getini alipewa kiti na maji. Huyu hata kambi ya JKT Maramba hapo Mkinga hajakanyaga. Nyuma geuka! Mzazi! Na chakula mkononi!

Kuruta Mstaafu: Pole mama. Ila ulipogeuka, ulipiga mguu chini au uligeuka kiraia?

Mtoto wa Ngamiani: Hii chai. Weka picha ya kanga.

Mleta uzi: Kanga nimeiloweka! Nidanganye ili iweje? Kasema "nyuma geuka", na filimbi juu!

Bi Mkubwa Chumbageni: Shoga, afadhali wewe umemwagikiwa tui. Mimi nimeletewa orodha: bukta ya bluu, fulana ya kijani, soksi ndefu nyeusi, raba za kijani. Nikadhani mtoto anaondoka miezi mitatu, kumbe saa mbili za Jumamosi!

Kuruta Mstaafu: Hiyo orodha ni ya form six wa mujibu wa sheria, ile iliyorudi 2013. Kainakili nzima nzima.

Skauti Daima: Ndiyo maana wangu nimemwacha skauti. Anajua kufunga fundo na kumtibu aliyeungua.

Bi Mkubwa Chumbageni: Skauti nao si skafu hiyo kila muhula? Usinichekeshe.

Mleta uzi: Jamani, mimi nimeambiwa NYUMA GEUKA.

Mtoto wa Ngamiani: Tumesikia mama. Hizo raba za kijani zinapatikana wapi? Mdogo wangu kapangiwa JKT, kambi ya Mgambo, nimezunguka sokoni kutwa nakuta nyeupe tu.

Bi Mkubwa Chumbageni: Chukua za bluu, zinakubaliwa. Na bukta isiwe na zipu, watamrudishia.

Mtoto wa Ngamiani: Mpira kiunoni tu?

Bi Mkubwa Chumbageni: Mpira tu, na ifike magotini.