Vifaa vya betri kwa kazi ya mjengo: Makita, DeWalt, Bosch au Total?

Fundi wa Mamboleo
Habari zenu mafundi. Nina kikosi cha watu sita, tunajenga nyumba za kupangisha hapa Kisumu, upande wa Mamboleo na Riat. Saiti ya sasa haina stima. Tunavuta waya kutoka kwa jirani, wilbaro zinaukanyaga kutwa nzima, na mvua ikianza roho yangu haitulii mpaka niuchomoe. Jenereta ninayo, lakini kuiwasha ili kutoboa mashimo manne ya fremu ni kuchoma petroli bure.

Nataka kuhamia vifaa vya betri. Kazi zetu: kutoboa slabu na linta kwa ajili ya bomba na waya, kufunga mabati kwa skrubu, kukata vyuma, fremu za milango, kisha dari za jipsam. Dukani nimeonyeshwa Makita ya volti 18, DeWalt, Bosch ya bluu na Total. Iko pia moja imeandikwa 48V, bei yake iko chini kuliko zote, na muuzaji anaapa ina nguvu kuishinda Makita. Nisaidieni. Pesa ya kununua mara mbili sina.

Mrekebishaji Kibuye
Naanza na hiyo 48V kwa sababu ndiyo inayofika kwenye meza yangu kila wiki. Nimezifungua nyingi. Ndani unakuta seli tano za lithiamu zilizofuatana, na seli moja ikijaa kabisa hufika volti 4.2. Tano mara 4.2 ni 21. Hakuna mahali volti 48 inatoka. Wengine huandika 88, wengine 128, na ndani ni seli zilezile tano. Zingine zina seli kumi zilizopangwa mbilimbili, hizo hukaa na chaji muda mrefu zaidi, lakini volti haibadiliki.

Hata kwa kampuni zenye jina, usihangaishwe na 18 dhidi ya 20. DeWalt inayoandikwa 20V Max kule Marekani ndiyo 18V XR ya Ulaya. Marekani wamehesabu seli ikiwa imejaa, Ulaya wamehesabu 3.6 ya wastani. Total ya 20 nayo ni vivyo hivyo, haijaizidi Makita ya 18 kwa volti.

Hesabu ya kufanya pale dukani ni volti mara Ah, yaani ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri. 18 mara 5 ni wati-saa 90. Betri ya Ah 2 ni 36 tu. Huo ndio mtungi wako wa maji. Ukishajua ukubwa wa mtungi, utajua utamwagilia shamba gani.

Jipsam Lanet
Mimi niko Nakuru, kazi yangu ni dari na partisheni. Natumia Makita LXT ya volti 18 na sijajuta. Ninachokipenda ni kwamba LXT imekuwepo tangu 2005 na mpaka leo wanatoa mashine mpya za betri hiyohiyo. Nimenunua drili, kisha impakti (ile ya kukaza skrubu kwa mapigo), kisha msumeno, vyote bila chaja mpya.

Onyo moja. Makita wana familia nyingine inaitwa XGT, ya volti 40. Betri yake haiingii kwenye mashine ya LXT, wala ya LXT haiingii kwake. Kuna kijana wetu alitumwa akanunua mashine ya XGT bila betri, akarudi nayo saiti ikakaa kwenye boksi. Sema LXT kwa mdomo wako, na uende na betri yako mfukoni uijaribishe palepale.

Waya Bungoma
Mulembe. Naongezea upande wa Bosch. Ya bluu ni ya mafundi, ya kijani ni ya matumizi ya nyumbani. Zote mbili ziko na za volti 18, lakini betri za kijani haziingii kwenye bluu. Mimi ni wa waya, nina ya bluu, inanitosha. DeWalt nao wana jambo zuri: ile betri yao kubwa ya FlexVolt, ya volti 54, inakubali kuendesha mashine zao za volti 18 pia.

Chuma Kondele
Fundi, kabla hujalipa chochote, toa grainda, ile mashine ya kukata vyuma, kwenye hiyo orodha.

Nimechomea mageti na madirisha miaka mingi. Nilinunua grainda ya betri nikiwa na matumaini makubwa. Chukua grainda ya kawaida ya waya, ile ya inchi nne na nusu yenye wati 720. Ukiitaka ya betri ifanye kazi hiyohiyo kwa nguvu zote, wati-saa 90 zinakwisha kwa dakika saba na nusu. Ni kweli hushiki kwa nguvu zote muda wote, lakini hata ukipumzisha mkono, vyuma vya D12 (milimita 12) vya nguzo za nyumba moja vitakula betri zako zote kabla ya chai ya saa nne. Halafu betri zinachemka, zinakataa chaji mpaka zipoe, na jua la hapa Kisumu mnalijua.

Ya betri nimeiweka kwa kazi moja: kupanda juu kukata kitu kimoja au viwili mahali waya haufiki. Vyuma vya nguzo navikata asubuhi kwa pamoja, jenereta inawaka saa moja, naizima. Na tafadhali, kinga ya diski isitolewe, na betri ichomolewe kabla ya kubadilisha diski. Ya waya watu wamezoea kuichomoa. Ya betri wanasahau kwamba iko na moto muda wote, kidole kikigusa swichi inazunguka.

Paa Kakamega
Naandika kama mama wa paa, kwa sababu hapa ndipo naona watu wanaharibu nyumba za wenyewe.

Kwenye paa, betri haina mpinzani. Hakuna waya wa kukunasa mguu, unajifunga kamba yako unatembea. Lakini angalia unatumia mashine gani. Vijana wanapenda impakti kwa sababu inaingiza skrubu kwenye mbao ya 3x2 kama inaingia kwenye ndizi. Shida ni kwamba impakti haina klachi, ile ya kuachia skrubu ikishakaza. Inaendelea kupiga hata skrubu ikishafika, ile washa ya mpira chini ya kichwa cha skrubu inapondeka, inatoka pembeni, bati linabonyea. Mwezi wa kwanza hutaona kitu. Huku kwetu mvua ni ya kila jioni, msimu ukifika maji yatapita kwenye kila tundu na wewe utaitwa.

Chukua drili yenye klachi, ile pete yenye namba. Anza namba ya chini, funga skrubu tatu kwenye kipande cha bati kilichobaki, pandisha pole pole mpaka mpira ukae umekazwa bila kutokeza nje ya chuma chake. Hapo ndipo upande juu. Kampuni yoyote kati ya hizo nne itakufanyia hivyo. Mimi niko na DeWalt, na jirani yangu ana Total na paa zake hazivuji.

Kontrakta wa Njoro
Mimi nitatofautiana na wengi. Ukiwa na watu sita, kifaa cha bei ghali kinaanguka kutoka ghorofa ya kwanza sawasawa na cha bei rahisi. Nina Total za volti 20 kwa ajili ya fremu, kabati na skrubu, na kwa kazi hiyo sijaona tofauti inayolingana na bei. Mashine ya kutoboa konkriti ndiyo nimenunua ya ghali, na haishikwi na mtu mwingine ila fundi wangu mkuu.

Fundi wa Mamboleo
Asanteni sana, hasa mama wa paa, maana impakti ndiyo nilikuwa nataka kununua kwanza. Ndugu yangu wa Njoro, ukiwa na kampuni mbili si unabeba chaja mbili na betri zisizoingiliana? Na ya kutoboa konkriti, je, ya betri inaweza kweli? Slabu zetu fundi wa bomba hutaka tundu baada ya konkriti kukomaa.

Kontrakta wa Njoro
Chaja mbili, ndiyo. Nimezipaka rangi tofauti, na betri zake rangi ileile. Vijana wamezoea. Lakini nikianza leo na watu sita tu, ningechukua kampuni moja.

Mrekebishaji Kibuye
Kuhusu konkriti, usinunue drili ya kawaida yenye alama ya nyundo. Hiyo inatetemesha tu. Chukua ile ya kushika biti za SDS-plus (zile zenye mifereji kwenye shina), ambayo ndani ina pistoni inayopiga kwa hewa. Nguvu ya pigo hupimwa kwa jouli. Makita ya waya, HR2470, iko na wati 780 na jouli 2.4. Ndugu yake wa betri, DHR242, iko na jouli 2.0. Umeona pengo lilivyo dogo. Kwa mashimo ya milimita 6 mpaka 14 hutaona shida. Tundu la bomba la inchi nne, au kuvunja kwa tindo, rudi kwenye jenereta.

Chukua yenye mota isiyo na brashi za kaboni. Haina cha kulika pale, haichemki sana, na betri ileile inatoboa mashimo zaidi.

Sasa betri, maana ndiyo itakula pesa yako. Za bandia ni nyingi, zimechapishwa vizuri mpaka mtu aliyezoea anadanganyika. Tumia mizani. Seli moja ya kawaida, ile ya 18650, ina uzito wa karibu gramu 45. Betri ya Makita ya Ah 5 ina seli kumi, kwa hiyo seli peke yake ni gramu 450 hivi, bado plastiki na bodi ya ndani. Halisi iko juu ya gramu 600. Ukiambiwa Ah 5 na mizani ya sukari inasoma gramu 400, irudishe kaunta.

Nunua tatu za Ah 5. Chaja ya kasi ya Makita, DC18RC, hujaza moja kwa dakika 45, kwa hiyo moja kazini, moja kwenye chaja, moja inapoa kivulini. Chaja hiyo inavuta kama wati 240, hata jenereta ndogo inaibeba wakati Chuma Kondele anakata vyuma vyake vya asubuhi.

Chuma Kondele
Hapo umesema. Saa moja ya petroli inafanya kazi mbili.

Fundi wa Mamboleo
Basi nimeamua: SDS ya betri, drili yenye klachi, betri tatu, na grainda yangu ya waya ibaki. Kati ya Makita na DeWalt nimeelekea Makita kwa sababu spea zake nimezikuta kwenye maduka mawili hapa mjini, na mrekebishaji yuko karibu. Kuna jamaa ametoka Marekani ananiuzia chaja na betri mbili zilizotumika, bei nzuri. Zina nembo kamili. Nichukue?

Mrekebishaji Kibuye
Usiichomeke popote kwanza. Geuza chaja usome kibandiko cha chini, mahali pameandikwa input. Za kule nyingi ni volti 120 tu, na stima yetu ni 240. Adapta ya kubadilisha plagi haibadilishi volti, nimezika chaja kadhaa kwa njia hiyo. Betri zenyewe hazina shida na nchi, ila nataka kuzipima nione seli zimebaki na nini. Mwambie akuachie kwa siku moja, uniletee kesho kabla ya saa kumi. Njoo na mizani pia kama unayo, yangu imeazimwa.