Umeme wa mtikisiko daraja la Kigongo-Busisi: tuwekeze au tunapigwa?

Wadau habari za jioni. Jana kijiweni hapa Kirumba, Mwanza, ubishi ulikuwa mkali, jamaa anasema serikali ifunge vile vifaa vya kuvuna umeme wa mtikisiko pale darajani, malori na mabasi yakipita taa ziwake mpaka Sengerema. Nikacheka, nikaonekana mchawi.

Kitu chenyewe kipo, sio uganga. Kile kitufe cha jiko la gesi unabonyeza inatoka cheche ni hiyohiyo piezo, yaani kitu kinachotoa umeme kikibanwa au kutikiswa, Pierre Curie na kaka yake Jacques waliigundua 1880. Shida kiasi. Kifaa kimoja kidogo kinatoa maikrowati kadhaa, kikijitutumua sana miliwati, yaani sehemu ya elfu ya wati. Haya chukua miliwati 1 nzima usiku na mchana, simu ya betri 4000 utasubiri zaidi ya siku 600 ijae. Taa gani hapo?

Mdau wa Pasiansi: Mkuu unabeza bure. Vya zamani ni kibati kinachocheza kwa mwendo mmoja tu, mtikisiko ukibadilika kidogo kinanuna. Hivi vipya vina sumaku, vinafanya kama kile kibanio cha nywele cha bati ukikibonyeza kinaruka tak! upande wa pili, kwa hiyo fuso, haisi, upepo wa ziwa, vyote vinavunwa.

Mtoa mada: Hilo nakupa, ila msukumo ukiwa mdogo, bodaboda moja tu saa nane usiku, hakiruki ng'o, kinatetemekea upande uleule.

Mdau mwingine: Jua lote hili mnahangaika na mtikisiko? Wavuvi wa dagaa wenyewe washahamia taa za sola nyie mko na sumaku.

Mtoa mada: Mzee, kule chini ya zege jua linafika? Au uvute waya wa shaba kutoka juu, utaukuta asubuhi? Mi nasema vifungwe kwa ajili ya sensa tu, zile za kuangalia ufa na mtikiso wa daraja, maana sensa haili sana, inalala, kifaa kikishakusanya umeme wa kutosha inaamka inatuma namba zake inalala tena, na hakuna fundi wa kuning'inia juu ya maji kubadilisha betri. Hapo hela ya umma naunga mkono. Huyo wa taa za Sengerema aanze na ya hapa kijiweni, imezima tangu Jumanne.