Ukoo wa Mzee Saidi: Junior kaikata fizikia

Mama Junior: Shikamooni wakubwa. Jamani nisaidieni huyu mtoto, kaniletea fomu ya kuchagua masomo anaingia kidato cha tatu, fizikia kaikata kwa peni nyekundu kama anafuta deni dukani, eti haina faida yoyote

Salma: Mwacheni mtoto 😂 mi fizikia nimekaa nayo miaka minne mpaka leo sijakutana na mtu kadondosha jiwe kutoka juu ya mnara ananiuliza litafika chini saa ngapi

Idi Maskati: We uliipata ngapi kwanza

Salma: F. Ila hiyo sio mada

Idi Maskati: Mwenyewe yuko wapi aje ajitetee

Mama Junior: Kaingia kuoga

Idi Maskati: Mi kwangu historia ndo ilinimaliza. Ukiniamsha saa nane usiku nakutajia sababu za Maji Maji 1905 mpaka 1907 moja moja, nakupa na mkutano wa Berlin juu, lakini barua ya kuomba kazi niliandikiwa na dada wa steshenari pale stendi, nikamlipa

Shangazi Zuhura: Barua rasmi inafundishwa kwenye Kiswahili. Anwani ya mwandishi juu kulia, ya mwandikiwa kushoto, kisha YAH na unapiga mstari. Nimeifundisha miaka 31. Wewe ulikuwa unasinzia.

Idi Maskati: Shikamoo shangazi 🙈

Shangazi Zuhura: Marahaba.

Salma: Na ngeli je shangazi, KI-VI nimeitumia wapi mimi

Idi Maskati: Hapo usiseme, huku kazini kuna mzee Mwomani kazaliwa Unguja, nikisema tu "kiti yangu" ananisimamisha mbele za watu, "changu, kijana, changu". Nimejifunza ngeli Maskati jamani, bongo niliziruka

Bamdogo Hamisi: Nimesoma yote nikiwa juu ya jukwaa napiga plasta, sasa niwaambie mimi niliyeishia la saba. Hesabu ndo somo, mengine ni maneno. Ukitaka kuskwea msingi unachukua kona unapima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, halafu unavuta futikamba mlalo, lazima isome 5 kamili, ikisoma 4 na nusu ujue kona imefinyika na ukiendelea hivyohivyo chumba kitatoka kama sambusa, siku ya kuweka vigae ndo utalia maana kila mstari unakata kata na mwenye nyumba kasimama nyuma yako anahesabu vilivyovunjika

Shangazi Zuhura: Hiyo ni kanuni ya Pythagoras Hamisi.

Bamdogo Hamisi: Simjui dada, mi nilifundishwa na fundi mmoja Mbagala

Salma: 😂😂😂 Mi bukukiping tu. Kibandani kwangu kwa miamala ya simu, jioni floti, yaani hela iliyo kwenye simu, na keshi nazijumlisha, ikiwa asubuhi nilianza na milioni mbili lazima zirudi mbili zilezile kabla sijahesabu kamisheni, ikipungua hata buku silali. Lakini matriksi, jamani matriksi, unazidisha mabano kwa mabano kwa mabano halafu? Nani aliwahi kutumwa sokoni na matriksi

Shangazi Zuhura: Kwenye matriksi sikubishii.

Mama Junior: Mnacheka mwenzenu nina pigo la luku. Uniti 60 hazimalizi wiki mbili!! Ni huyu mpangaji wa chumba cha uani na friji lake, jana nimemsema na nikamwambia mwezi huu anaongeza elfu 15

Bamdogo Hamisi: Rehema una kitu gani cha moto hapo ndani

Mama Junior: Pasi. Na ile shawa ya maji ya moto fundi alinifungia mwezi wa sita

Bamdogo Hamisi: Ina kibandiko pembeni, kilisomekaje

Mama Junior: Subiri boksi lake ninalo. Imeandikwa 5500W

Idi Maskati: Mama yangu. 5500 ni kilowati 5.5, saa nzima inakula uniti tano na nusu, yaani kila dakika 11 uniti moja imeondoka. Nani anaitumia?

Mama Junior: Mimi naogea ndoo. Junior ndo anaingia asubuhi dakika 20 na jioni dakika 20 anaimba humo

Idi Maskati: Haya, dakika 40 ni kama uniti 3.7 kwa siku. Siku 12 ni 44. Kati ya 60 zako dada. Friji dogo la mpangaji hata uniti mbili kwa siku halifiki

Salma: 💀💀💀

Mama Junior: Na nilimsema mpaka majirani wakatoka nje

Shangazi Zuhura: Utaenda kumwomba radhi leo kabla ya magharibi. Na hiyo elfu 15 asiitoe.

Mama Junior: Nitaanzaje shangazi

Shangazi Zuhura: Unabisha hodi.

Bamdogo Hamisi: Rehema hebu subiri kwanza. Shawa hiyo fundi kaiunganishia wapi

Mama Junior: Kwenye plagi tu, ile soketi ya koridoni anapochajia simu

Bamdogo Hamisi: Plagi ya ampea 13??

Idi Maskati: Hiyo inavuta karibu ampea 24 bamdogo

Bamdogo Hamisi: Najua! Hiyo inatakiwa waya wake peke yake unatoka kwenye breka, milimita 4, na ichimbiwe ethi. Igusie soketi kwa nyuma ya mkono, ya moto?

Mama Junior: Ya moto na inanuka kama plastiki

Bamdogo Hamisi: ZIMA MENI SWICHI SAA HIZI. Nashuka jukwaani napanda boda

Mama Junior: Nimezima

Mama Junior: Junior anapiga kelele huko bafuni, ana mapovu kichwa kizima