Orodha za Kiingereza na Kihispania: kila asiyefuata mkumbo ni "rebelde"? Inakera!

Wakuu, hizi orodha za msamiati wanazogawiwa wanaojifunza Kihispania kupitia Kiingereza zimezidi. Ukifika sehemu ya watu wenye msimamo wao, maneno yote ya Kiingereza yanapewa jibu lilelile: "rebelde" (mwasi), au wakijitahidi sana, "inconformista" (asiyekubali mambo yalivyo). Mtu anakariri, anaenda kuongea na mgeni, anaishia kumtusi.

Chukua "maverick". Limetokana na Samuel Maverick wa Texas, aliyefariki 1870, ambaye ng'ombe wake hawakupigwa chapa. Ndama asiye na chapa akaitwa hivyo, kisha mwanasiasa asiyeburuzwa na chama. Uasi uko wapi hapo? Magazeti ya Uhispania humwita mbunge wa namna hiyo "verso suelto", mshororo usiofungwa na vina. (Malenga hapa mmeshaelewa.) Ukiandika "díscolo" umeshamhukumu, kwa maana huyo ni mkaidi asiyetii wakubwa wake.

Halafu jinsia, ambayo orodha hazigusi kabisa. Mwanamke naye ni "un verso suelto", haigeuki kuwa ya kike. "Oveja negra" (kondoo mweusi, yaani anayeonekana aibu ya familia) ni kinyume, daima ni ya kike: Juan ni mwanamume, lakini ni "la oveja negra de la familia". Na anayewafundisha watu "bicho raro" kwa mtu wa vituko awaambie pia kwamba Puerto Rico "bicho" ni tusi la sehemu za siri za mwanamume. Hilo si la kumwachia mwanafunzi aligundue mezani kwa watu.

Balaa kubwa ni "independentista". Mwanafunzi anatafuta mtu mwenye fikra huru, anaona neno limefanana, analibeba. Ukimwita mtu hivyo Barcelona umesema anataka Catalonia ijitenge na Uhispania! Neno ni "independiente", na mara nyingi hata hilo halihitajiki, kwa sababu Kihispania hapa hupenda kitenzi: "va por libre", anafanya mambo kivyake, "va a su aire", anakwenda anavyotaka mwenyewe. Hiyo ya pili hubadilika kwa nafsi: "voy a mi aire", "vas a tu aire". Orodha ya nomino tupu itakuonyeshaje hayo?

"Extravagante" nayo wanaipachika kwa mfujaji wa pesa kwa kuwa Kiingereza kina neno linalofanana nalo. Kihispania ni mtu wa mavazi au tabia za ajabu. "Raro" ni wa ajabu, lakini angalia kitenzi: "es raro" ni tabia yake. "Está raro" ni kwamba leo hayuko sawa. "Librepensador" si kila anayejifikiria mwenyewe, ni anayekataa akili yake iongozwe na mafundisho ya dini. Na "Nonconformist" kwenye historia ya Uingereza ni Mprotestanti aliye nje ya Kanisa la Anglikana, hasa baada ya sheria ya 1662 iliyolazimisha ibada za kanisa hilo. Ukimwita "inconformista" umemfanya kijana wa kisasa. Andika "no conformista" au "disidente".

Kwa hiyo kila neno liwe na sentensi nzima, nchi linakotumika, na alama ya kama ni sifa, utani au lawama. Nafasi ikiwa ndogo, punguzeni maneno. Walimu mnaozigawa bila kuzipitia, njooni mjibu hapa.